Kurasa za Ihirwe

Kagugu, Kigali
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Ntare,

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Rugamba bado yuko kwenye ujenzi kule Kinyinya, akirudi jioni ana saruji mpaka kwenye kope, nami namwosha maneno kabla hajaoga maji. Keith anangoja majibu ya chuo na anakula kama mtu anayelipwa kwa kula. Mimi niko na duka langu la dawa. Magoti yananisumbua lakini sijalala kitandani. Trinah hajambo? Mapacha je, wameshavunja nini tena?

Naandika kwa sababu kwenye simu tukifika katikati ya maneno mmoja wetu hukata, na mara nyingi ni wewe. Barua huwezi kuikata. Nasiri, yule dereva wa basi, ataichukua kituoni Nyabugogo na pale mpakani Rusumo atamkabidhi mwenzake anayekwenda Karagwe. Kwa hiyo usinijibu kwa ujumbe wa maneno mawili.

Sasa mwanao. Ulipomleta baada ya Pasaka ulimbeba mgongoni kutoka kituoni, mtoto wa miaka minane, kana kwamba kutoona ni ugonjwa wa miguu. Leo Ihirwe anatembea na fimbo yake nyeupe mpaka kwa muuza maziwa, na akipunjwa anagomba mpaka kipimo kinarudiwa. Shuleni wako wanne wasioona darasa moja na wenzao wanaoona. Jumamosi tunakwenda Kinyinya, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa Mwalimu Damascène. Huyu alikulia Burundi, naye haoni tangu utotoni. Anawafundisha watoto nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na sisi wakubwa tunafundishwa upande wa pili wa ukumbi ili mtoto akirudi nyumbani apate wa kusoma naye. Tunakata trei za mayai zibaki na mashimo sita, tunaweka kokwa za parachichi. Kokwa moja juu kushoto ni A. Ukiongeza nyingine chini yake inakuwa B. Kuna mama mmoja, Béatha, anauza mboga Nyabugogo. Juzi alisoma neno zima, akanishika mkono akasema, "Mama Keith, mimi iko nasoma. Darasa ya kwanza sikumariza, na sasa iko nasoma na mutoto yangu."

Wewe uliahidi kuja Jumamosi moja kila mwezi. Hujaonekana hata moja. Kuna baba anatoka kule mbali Nyagatare kila wiki, na ana ng'ombe wengi kuliko migomba yako. Kiti chako kiko mbele, nimekalisha mkoba wangu juu yake ili watu wasikichukue.

Nisalimie wote,
Dada yako Winifred


Kayanga, Karagwe
3 Novemba 2024

Dada Winifred,

Shikamoo. Barua ilifika ikiwa na mafuta, nadhani Nasiri alikula chapati juu yake. Sisi wazima. Mapacha wamevunja dirisha, ulikisia vizuri. Trinah anakusalimu, anasema wifi yake amemsahau, hampigii. Kahawa mwaka huu imekubali. Baba mkwe anapita kila Jumapili baada ya ibada kumuulizia Ihirwe, na kila Jumapili namjibu yuko shule, naye anaguna tu.

Kuhusu Jumamosi zako, shamba halina likizo. Halafu nije nikae na akina mama, mtu mzima mwenye ndevu, nipange kokwa za parachichi kwenye trei? Atakayesoma ni Ihirwe. Mimi nikijua au nisipojua, vidole ni vyake.

Nataka nikukumbushe tulivyokubaliana, kwa sababu naona unaandika kana kwamba mambo yamekwisha. Tulisema mpaka mwisho wa mwaka. Akija likizo akasoma mbele yangu, Januari nitamrudisha mwenyewe. Asiposoma, anabaki kwa mama yake, nawe hutaniuliza tena. Usinione mkaidi. Hapa kwetu waliwahi kuja watu na gari, wakawakusanya watoto wenye ulemavu, wakawapiga picha, wakagawa sabuni, wakaondoka. Ihirwe alikuwa kwenye picha hizo. Hadi leo hatujui zilikwenda wapi. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza, dada, na ninachoogopa ni kudanganywa juu yake.

Akiwa anakula vizuri, niambie. Akiwa analia, niambie pia.

Mdogo wako,
Ntare


Kagugu
19 Desemba 2024

Ntare mpenzi,

Salamu za Krismasi kutoka kwetu sote. Keith amepata chuo, na kwa furaha hiyo amekubali kumleta Ihirwe mpaka mlangoni kwako. Mpe nauli ya kurudi na umwache alale siku mbili, usimpe jembe.

Mwanao anakula, na analia mara moja moja kama mtoto yeyote, hasa akinyimwa zamu kwenye mashine ya kuandikia nukta nundu. Na anasoma, Ntare. Anaposoma anaweka mkono wa kulia mbele na wa kushoto unafuata, na mdomo unakwenda pamoja nayo. Usiniamini mimi, utamsikia mwenyewe.

Yafuatayo uyashike. Asibebwe. Chai ajimiminie, anajua kusikiliza kikombe kikijaa. Fimbo yake isichezewe na mapacha. Kwenye bahasha kubwa kuna kurasa alizoandika mwenyewe kwa Kiswahili ili mwelewe nyote. Karatasi nene za nukta nundu zilituishia Novemba, ikabidi atumie hizi za kawaida za ofisini, ni nyembamba. Zitunze sana. Hataki nikuambie zimeandikwa nini, anasema ni zako, atakusomea.

Mwaka Mpya mwema. Januari tunawangoja wote wawili.

Winifred


Kayanga
4 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Heri ya Mwaka Mpya. Sote wazima.

Nitaandika kwa kifupi. Ihirwe harudi.

Siku ya Mwaka Mpya walipita watu wachache hapa, baba mkwe, mwinjilisti, na majirani. Baada ya kula nilimkalisha Ihirwe katikati nikampa kurasa zake. Akaweka vidole kwenye mstari wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi. Akageuza karatasi, akajaribu upande mwingine. Nikamwambia asome, watu wanangoja. Akasema, "Baba, hapa hakuna kitu."

Dada, nukta zilikuwepo. Niliziona kwa macho yangu haya. Mwinjilisti naye aliinama akaziona, akasema mbona zipo. Nikampa ukurasa mwingine, akasema vilevile, hakuna kitu. Watu wakaanza kutazama miguu yao. Baba mkwe akasema basi, mwacheni mtoto, na hakuna neno lililoniuma mwaka jana wala mwaka huu kama hilo.

Simlaumu yeye. Nakulaumu wewe kidogo, na huyo mwalimu wako sana. Mlimkaririsha. Akiwa na nyie alikuwa anasema aliyoyashika kichwani, na hapa alipokosa wa kumwanzishia akakwama. Wala usiseme kurasa zililoa au zilichanganywa. Zilikuwa salama kuliko kitu chochote ndani ya nyumba hii. Nilizichukua siku ileile alipofika, mapacha wasije wakazipaka ugali, nikaziweka chini ya godoro langu, mahali Baba alipokuwa anaweka hati zetu.

Tulikubaliana. Naomba uheshimu makubaliano.

Ntare


Kagugu
18 Januari 2025

Ntare,

Leo salamu zisubiri, nitakupa mwishoni.

Barua yako nimeisoma nikiwa dukani. Nilipofika kwenye godoro nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba, hakujua ni kicheko. Halafu nililia kweli, nikafunga duka mapema.

Nukta nundu si wino. Ni vinundu vilivyosukumwa kutoka nyuma ya karatasi vikainuka mbele, na kidole kinasoma kule kuinuka. Sasa wewe na mwili wako huo, na Trinah pembeni, mmevilalia vinundu vya karatasi nyembamba tangu mtoto alipofika mpaka Mwaka Mpya. Vimelala chali. Imebaki alama, jicho linaiona, kidole hakipati chochote. Ihirwe aliwaambia ukweli mtupu, nanyi watu wazima wenye macho mazima mkambishia.

Hilo ndilo somo la kwanza la Jumamosi zangu unazozicheka. Kurasa zinasimamishwa wima, hazilaliwi wala hazibebeshwi kitu. Béatha anazitundika kwenye kamba ya nguo na vibanio. Mimi nami niliandika "zitunze" nikaishia hapo, kwa sababu hapa kwangu hata Keith anajua.

Na usidhani sijaona jambo jingine. Tunalijua wote wawili godoro la Baba. Hakuweka pale karatasi ya ovyo. Palikuwa pa hati za ukimbizi na vyeti vyetu vya ubatizo, vitu ambavyo tukiamshwa kuondoka lazima viondoke nasi. Mtu asiyeamini angezitupa kurasa za mtoto juu ya kabati. Wewe uliziweka mahali pa hati. Halafu unaniandikia "walipita watu wachache". Trinah ameniambia ulichinja mbuzi na kuazima viti vya kanisa. Ulitaka wamsikie, Ntare. Ulikuwa unajivuna, na mimi nakupenda kwa hilo.

Umeniandikia alichosema Ihirwe. Hukuandika ulimjibu nini. Nimemuuliza Trinah naye akahamia kwenye habari za mvua. Niambie wewe.

Nakutumia kurasa mpya kwenye boksi la viatu, zimesimama, usizilaze. Nimeziandika mimi kwa mkono wangu, na makosa yangu. Ihirwe hajawahi kuzigusa, kwa hiyo hakuna aliyemkaririsha. Fumba macho uguse zile za zamani, kisha uguse hizi. Mwalimu Damascène amezungumza na shule, nafasi ya Ihirwe wanaishikilia mpaka mwisho wa Februari. Baada ya hapo nafasi anapewa mtoto mwingine, na wanaongoja ni wengi.

Haya, salamu. Rugamba mzima, Keith yuko chuoni, magoti yangu yanauma. Sasa fungua boksi.

Winifred


Kagugu
15 Februari 2025

Mdogo wangu,

Natumaini nyote wazima. Sisi tuko salama.

Simu hupokei. Trinah anapokea, anasema hujambo, anasema uko shambani, kila saa ninayopiga uko shambani. Nasiri anaapa kwamba boksi alimkabidhi mwenzake mkononi pale Rusumo.

Leo ni Jumamosi, nimetoka Kinyinya sasa hivi. Wamemaliza barabara mpya pale chini ya kanisa na watoto walipelekwa kuijifunza kwa fimbo. Mwalimu Damascène aliniuliza Ihirwe anarudi lini.

Kuna kitu nataka ujue kuhusu mwanao. Akisoma sentensi inayochekesha, anaanza kutabasamu kabla hajafika mwisho wa kuitamka, kwa sababu kidole kimeshafika. Nilianza kukaa karibu naye kila jioni ili nisiikose ile tabasamu. Wewe hujawahi kuiona, na hilo linanisumbua kuliko ukaidi wako. Sigombi tena. Nakuomba.

Winifred


Kayanga
26 Februari 2025

Dada Winifred,

Shikamoo sana. Sisi wazima. Trinah ameshafunga mizigo na mapacha wamejificha ndani ya begi mara mbili ili nao wasafirishwe. Kesho asubuhi tunapanda gari, mimi na Ihirwe, na jioni tutakuwa Nyabugogo. Barua hii naibeba mwenyewe nikupe mkononi, kwa sababu yamo humu ambayo sitaweza kuyasema nikiwa nimekaa kwenye kochi lako na Rugamba ananitazama.

Boksi lilifika mapema. Nililiweka juu ya kabati, ndiyo, cheka. Nilikuwa na hasira na barua yako, na nilikuwa na hofu kwamba ni ya kweli. Kisha likaja lile ombi lako fupi, lisilo na matusi, nikajua hali ni mbaya maana hujawahi kuniomba kitu bila kunitukana kidogo.

Nilingoja Trinah aende kisimani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na karatasi za aina mbili mapajani. Nikafumba macho. Hizi zako zilikuwa kama meza iliyomwagikiwa sukari. Zile zake zilikuwa laini, dada, laini kabisa, nilipitisha mkono wote na si kidole tu. Nikafumbua macho nikaziangalia, nukta zote zipo zimepangika. Nikafumba tena, hakuna kitu. Sijui nilirudia mara ngapi.

Jumapili iliyopita niliwaita watu walewale. Safari hii sikuchinja, walipata chai na ndizi za kuchemsha. Niligawa zile kurasa za zamani, nikawaambia kila mmoja afumbe macho aguse kisha aniambie anasoma nini. Mwinjilisti alicheka, akagusa, akaacha kucheka. Baba mkwe alikaa na ukurasa wake muda mrefu kuliko wote, kisha akauweka magotini akasema ni yeye aliyesema mtoto aachwe, na kwamba hakupaswa kusema vile.

Ndipo nikampa Ihirwe zako. Hukuniambia umeandika nini. Ungeniambia nisingewaita watu. Anaweka vidole, halafu naona hiyo tabasamu yako imeanza na sauti haijatoka. Kisha anasoma mbele ya mkutano wote kwamba baba yake alipokuwa mdogo alitumbukia kwenye josho la ng'ombe, akanuka dawa ya kupe wiki nzima, na Babu akamkataza kulala ndani na watu. Mwinjilisti alimwaga chai. Trinah alitoka nje kwa kicheko. Baba mkwe alipopata pumzi akaniuliza ni nani mwingine anayeijua habari hiyo. Nikasema mimi na dada yangu tu, na niliomba afe nayo. Akasema, basi huyu mtoto anasoma.

Alisoma zote. Ndizi zikapoa, hakuna aliyethubutu kumkatisha. Alipokosea neno kwa sababu ya mkono wako mbaya alisema, "Hapa Shangazi amekosea," akaendelea.

Nitakaa kwenu mpaka Jumapili. Jumamosi toa mkoba wako kwenye kile kiti.

Sasa jambo ambalo nimelizunguka tangu Januari. Uliniuliza nilimjibu nini. Nilimwambia, mbele ya wote, "Usinidanganye, Ihirwe. Nukta naziona." Tangu siku ile hakuomba karatasi wala fimbo. Alikaa jikoni na mama yake, akiitwa anaitika, akipewa anakula. Ndiyo maana sikupokea simu. Ningekuambia nini?

Siku ile nilipofungua boksi, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote, nilimwita yeye. Baba hakuwahi kumwomba mtoto msamaha, si mimi wala wewe, kwa hiyo sikujua mtu anaanzia wapi. Nikamkalisha kwenye kiti changu, mimi nikachuchumaa. Nikamwambia nilimwita mwongo na yeye ndiye aliyekuwa anasema kweli, na mwongo nilikuwa mimi, na anisamehe. Nilidhani atalia, na kusema kweli aliyekuwa analia ni mimi. Yeye alinyoosha mkono akaniomba ukurasa mmoja wa zamani, akaupapasa kidogo, akanirudishia.

"Si uongo, Baba," akasema. "Wewe ulikuwa unaangalia tu."

Mdogo wako,
Ntare